Tusimharakishe Mamba

Vuta kiti. Leo nakupeleka mtoni, ila tutakaa mbali kidogo na maji, na sababu yake utaisikia huko mbele.

Watu wakirudi kutoka mbugani huulizana maswali yaleyale. Simba mmewaona? Chui je? Tembo walikuwa wangapi? Mamba akitajwa hutajwa mwishoni, tena kwa kupunga mkono: "Aa, hao tuliwaona, walikuwa wamelala." Mazungumzo yanahamia kwa twiga. Mtu kalipa kiingilio, kalipa mafuta, kalipa mwongozaji, kafika mbele ya mnyama wa mita nne ambaye ukoo wake ulikuwepo duniani enzi za dinosaria, akampa muda wa kupiga picha mbili tu. Simlaumu sana, maana najua alikuwa akisubiri nini. Alisubiri maji yarushwe, taya zifunguke, na mnyama fulani avutwe chini huku akilia. Hayo hayakutokea, naye akaona kwamba hakuna kilichotokea.

Mimi nimekuja kumtetea mamba aliyelala. Nasema kwamba anayekwenda mtoni kutafuta shambulio hamwoni mamba hata akilipata hilo shambulio, na kwamba mnyama huyu ni wa kutazamwa kwa saa nzima, si kwa dakika. Najua hiyo ni biashara ngumu kuiuza kwa watu wenye siku tatu za likizo. Nisikilize hata hivyo.

Tuanze pale ambapo karibu kila mtu anaamini mamba anaonekana vizuri kuliko kwingine kote, yaani Mto Mara. Kati ya Julai na Oktoba hivi, makundi ya nyumbu huuvuka mto huo wakienda na kurudi kati ya Serengeti na Maasai Mara. Magari hujipanga ukingoni tangu asubuhi, injini zinanguruma, watu wamesimama juu ya viti. Nyumbu wanafika majini, wanasita, wanarudi, wanafika tena. Ghafla mmoja anaruka na maelfu wanamfuata. Katika vurugu hiyo mamba huonekana, ndiyo, na picha zake zimezunguka dunia nzima, kiasi kwamba mtu wa Oslo na mtu wa Sumbawanga wote wawili wanaamini kwamba mamba ndiye anayewamaliza nyumbu wa Mara.

Sasa sikia. Mwaka 2017 watafiti waliokuwa wamefanya kazi kwa miaka mingi kwenye mto huo, upande wa Kenya, walichapisha hesabu zao. Walikuta kwamba kwa wastani nyumbu wapatao 6,250 hufa maji katika Mto Mara kila mwaka. Wanakufa maji, msikilizaji. Kingo zina mwinuko mkali, mkondo una nguvu, wa nyuma wanawasukuma wa mbele, wanakanyagana. Mizoga hiyo, yenye uzito wa zaidi ya tani 1,000, hujazana kwenye mapinda ya mto na kunuka wiki nzima. Na katika nyama yote hiyo, fungu la mamba ni asilimia 2 hivi. Tumbusi na korongo wale vipara wanakula zaidi yake. Samaki wanakula, wadudu wanakula, maji yenyewe yanameng'enya, na mifupa inaendelea kuurutubisha mto kwa miaka mingi baada ya magari yote kuondoka.

Kwa hiyo msafiri anayesimama pale kusubiri mamba aue, anatazama asilimia 2 na kuikosa asilimia 98. Na hata hiyo mbili haioni sawasawa, kwa sababu ya vumbi, kelele, na kiwiko cha jirani yake.

Halafu fikiria upande wa mamba mwenyewe. Mamba wakubwa wa Mto Grumeti, magharibi mwa Serengeti, hupata karamu hiyo mara moja kwa mwaka nyumbu wakipita. Muda mwingine wote wanaishi kwa samaki, kwa bahati, na kwa kutofanya kitu. Mwili wa mamba hautumii chakula kujipasha joto kutoka ndani, jua ndilo linalomfanyia kazi hiyo, na ndiyo maana mkubwa aliyeshiba anaweza kukaa miezi bila mlo wa maana. Huko kulala tunakokudharau ndiko kulikomfikisha hapa alipo. Simba angeishi hivyo angekuwa mzoga kabla ya mwezi kwisha.

Basi tuondoke Mara, twende Rufiji.

Hifadhi ya Taifa Nyerere ilitangazwa mwaka 2019 kwa kumegwa kutoka Pori la Akiba la Selous, na kitu kinachoitofautisha na mbuga nyingi ni kwamba ndani yake unasafiri kwa boti. Mto Rufiji, ukishatoka kwenye magenge na kufika tambarare, hutanuka na kujigawa, unaacha visiwa vya mchanga, unalisha maziwa: Tagalala, Manze, Nzerakera. Maziwa hayo hujaa na kupungua mto unavyotaka. Mivumo iliyozidiwa na maji imekufa ikiwa imesimama, haina makuti, na juu ya kisiki huwezi kukosa kwazi. Kingo za udongo zimetobolewa na keremkerem. Viboko wanakoroma. Na kwenye kila ulimi wa mchanga, mamba.

Siku moja kwenye Ziwa Tagalala, nahodha wetu alikuwa Mndengereko wa makamo, mtu wa maneno machache. Tulikuwa abiria sita, wengi wetu kutoka Dar es Salaam. Alituleta hadi umbali wa kama mita thelathini kutoka ukingoni, ambako alikuwa amejilaza mamba mmoja mnene, mdomo wazi. Kijana aliyekaa mbele akamgeukia.

"Mzee, huyu mzima kweli?"

"Mzima."

"Mbona hatikisiki?"

"Mwanangu, akitikisika yeye, utakayeacha kutikisika ni wewe."

Tulicheka. Kisha akazima injini, akatupa nanga, akasema hapa tunakaa, na atakayechoka aseme arudishwe kambini akanywe soda. Hakuna aliyetaka kuwa huyo. Kwa dakika kumi za mwanzo ilikuwa adhabu, nakiri. Jua lilikuwa limeanza kuuma. Halafu, taratibu, ukingo ule uliokuwa na mamba mmoja ukaanza kuwa na mamba tisa.

Hawakuja kutoka popote. Wanne walikuwa pale tangu mwanzo na macho yetu yaliwahesabu kuwa ni magogo na udongo. Wengine walikuwa wametumbukia majini waliposikia injini, na sasa, kulipotulia, walianza kurejea, wadogo kwanza. Ukitaka kumwona mamba anayerudi usitafute mamba. Tafuta vitu vitatu juu ya maji: pua, macho, na nyuma yake kidogo mstari wa masikio. Vyote vimepangwa kwenye usawa mmoja juu ya kichwa ili mwili mzima wenye uzito wa ng'ombe dume uweze kubaki chini huku mwenyewe akinusa, akiona na kusikia. Na nahodha alitufundisha hesabu moja nzuri ambayo wataalamu nao wanaitumia: kadiria urefu wa kichwa, toka ncha ya pua hadi nyuma ya fuvu, kisha zidisha kwa saba. Kichwa cha sentimita sitini, mamba wa mita nne na ziada. Watoto wa boti nzima walianza kuzidisha, na wazazi wao pia.

Ule mdomo wazi sasa. Watu wengi wanadhani ni vitisho, au njaa. Hapana. Mamba hana njia ya kutoa jasho mwilini, kwa hiyo jua likizidi anafungua kinywa, unyevunyevu wa ndani unakauka, na kichwa kinapoa. Lakini hilo nalo si jibu lote, maana mamba huachama usiku pia, hata mvua ikinyesha. Inaelekea kuna mambo yao wenyewe kwa wenyewe, nani amelala wapi na nani asogee. Nyuma kabisa ya kinywa hicho kuna pazia la nyama linaloziba koo, ndiyo maana anaweza kuuma na kushika kitu chini ya maji bila kunywa mto mzima. Ukiwa na darubini utaliona, la manjano. Utaona pia kwamba ulimi upo, ila umeshikamana na sakafu ya kinywa, hauwezi kutoka nje.

Jambo hili la ulimi lina historia. Mgiriki Herodotus, ambaye aliandika habari za Misri katika karne ya 5 kabla ya Kristo, alisema mamba hana ulimi, na kwamba ndiye mnyama pekee anayechezesha taya la juu badala ya la chini. Si kweli, yote mawili. Lakini kaa kwenye boti umtazame mamba aliyelaza kidevu mchangani anapofungua kinywa: taya la chini limeegemea ardhi, haliwezi kwenda popote, kwa hiyo anachofanya ni kuinua kichwa kizima. Ukiwa mbali utaapa kwamba taya la juu ndilo lililonyanyuka. Ninampenda zaidi Herodotus, au yeyote aliyemsimulia, tangu nilipoona hivyo. Kumbe kuna mtu alikaa ukingoni mwa Nile akatazama kweli, akakosea kwa sababu ya kutazama. Siyo kama lile jambo lake jingine, la ndege anayeingia kinywani mwa mamba kumsafisha kinywa, ambalo limerudiwa katika vitabu vya watoto mpaka leo. Ndege huranda karibu na mamba, wakiokota wadudu na masalia, hilo ni la kawaida. Lakini kwamba kuna ndege mwenye kazi maalumu ya kuchokoa meno, pamoja na kamera zote hizi za siku hizi, ushahidi wa kuaminika haujapatikana. Na meno yenyewe hayahitaji huduma hiyo. Mamba ana meno sitini na kitu, kila linalong'oka linafuatwa na jingine chini yake, maisha yake yote.

Yule mkubwa wa Tagalala alipoamua kuondoka, nilikuwa nimemngoja muda mrefu na bado nikamkosa nusu. Hakuruka. Aliinua tumbo, akatembea hatua nne kwa miguu iliyonyooka, maana mamba anajua kutembea wima kabisa akitaka, akaingia majini, akazama bila kuacha hata kiwimbi. Nilifikiri anatumia mkia au miguu. Watafiti waliochunguza mamba wa Marekani, wale wenye pua pana, walikuta kwamba wanyama hawa wana misuli inayoyavuta mapafu nyuma au mbele ndani ya mwili. Hewa ikihamia nyuma, kichwa kinazama. Akiwa chini, mapigo ya moyo wake yanapungua. Moyo huo una vyumba vinne, tofauti na wa mjusi na nyoka wenye vitatu, na una njia ya ziada ya kuipitisha damu kando ya mapafu wakati hakuna hewa ya kuchukua. Nusu saa chini ya maji kwake ni jambo dogo. Kwa hiyo, msikilizaji, ukisikia mtu amesimama ukingoni akisema, "Hapa hamna mamba, nimetazama dakika tano nzima," mvute shati.

Sasa nimtaje mtu ambaye kazi yake imenifanya niandae mazungumzo haya. Anaitwa Hugh Cott, Mwingereza, na kabla ya mamba alijulikana kwa jambo jingine, elimu ya namna wanyama wanavyojificha kwa rangi na maumbo. Aliandika kitabu kikubwa juu ya hilo mwaka 1940, na wakati wa Vita Kuu ya Pili akawafundisha wanajeshi wa Uingereza kule Misri jinsi ya kuficha vifaru na mitambo jangwani. Vita vikaisha. Katika miaka ya 1950 mtaalamu huyu wa kujificha akaja Uganda na Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, kumchunguza mnyama ambaye kujificha ni maisha yake. Nadhani hakuna aliyefaa zaidi.

Enzi hizo mamba walikuwa wanauawa kwa wingi kwa ajili ya ngozi: mikoba, viatu, mikanda ya Ulaya. Cott alipasua matumbo ya mamba wa wawindaji na kuandika alichokikuta. Kazi yake iliyochapishwa mwaka 1961 ilionyesha kwamba mamba mdogo ni mla wadudu na vyura, akikua anakuwa mvuvi, na ni wale wakubwa tu wanaogeukia wanyama wenye kwato. Mengi tunayoyajua tunayajua kwa njia hiyo, kwa kisu. Kule Ziwa Turkana nako, lilipokuwa bado linaitwa Rudolf, katikati ya miaka ya 1960 Alistair Graham na Peter Beard walipiga risasi mamia ya mamba kwa ajili ya utafiti. Sisi tumepata bahati ya kumjua mamba akiwa hai, kwa tiketi ya boti, baada ya biashara ya ngozi kuanza kudhibitiwa kwa mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika mwaka 1975. Ni bahati yenye masharti, na Cott huyohuyo ndiye aliyeyaona masharti hayo kabla ya wengi.

Mwaka 1969 alichapisha makala kuhusu watalii na mamba wa Uganda. Jambo lenyewe lilihusu Murchison Falls, pale Nile inapojibana kwenye mwanya wa mwamba na kuanguka. Chini ya maporomoko hayo mamba walikuwa tele, na boti za watalii kutoka Paraa ziliwaendea kila siku, kama zinavyofanya mpaka leo. Cott alieleza kinachotokea boti inaposogea ukingoni ili abiria wapate picha. Mamba jike, ambaye alikuwa amelala juu ya kiota chake, anatumbukia majini. Boti inakaa, inaondoka, inafuata nyingine. Na kiota kikiachwa, wezi hawachelewi.

Hapa inabidi nieleze kiota. Jike huchimba shimo mchangani, juu ya kiwango cha maji, wakati mto umepungua. Anataga mayai yapatayo hamsini, pengine pungufu au zaidi, anafukia, kisha analinda kwa karibu miezi mitatu, akila kidogo mno. Hayaatamii, mchanga na jua ndivyo vinavyopasha. Na joto hilo ndilo linaloamua jinsia. Katika nyuzi 32 hadi 34 hivi hutoka madume. Chini ya hapo au juu yake, majike. Kwa hiyo kina cha shimo, kivuli cha kichaka, hata mawingu ya wiki moja, vinaweza kuamua kiota kitoe nini. Wakati wa kutoka ukifika, vifaranga huanza kulia wakiwa bado ndani ya mayai. Mama anasikia, anafukua, anawachukua mdomoni, katika kinywa kilekile chenye nguvu za kuvunja mfupa wa pundamilia, na kuwapeleka majini kama paka anavyohamisha watoto wake. Yai lililogoma kupasuka hulizungusha kwa ulimi na kaakaa mpaka lifunguke. Zamani watu walioona kifaranga mdomoni mwa mama walisema mamba anakula wanawe.

Na mwizi mkubwa wa mayai hayo ni kenge. Tunasema katika msafara wa mamba kenge nao wamo, na tunacheka tukimwambia mtu anayejipendekeza kwa wakubwa. Kwenye mto wenyewe kenge hakufuata msafara. Amefuata chakula. Anasubiri kichakani, na mama akijitumbukiza majini kwa sababu ya boti yetu, anatokea, anachimba, anaondoka na yai, anarudi na jamaa zake. Nyani naye hujitokeza. Kuna hata ndege mmoja wa usiku, mwenye macho makubwa ya njano, anayependa kutaga karibu na kiota cha mamba. Kenge akisogea ndege huyo hupiga kelele, na mama mamba husikia. Mkataba mzuri, ila boti haimo katika mkataba huo.

Ndiyo maana nakasirika nikiona mwongozaji anaelekeza boti mchangani ili mgeni apate picha ya karibu. Nakasirika zaidi nikisikia za sehemu ambako kuku au minofu hurushwa majini ili mamba aruke. Abiria wanapiga makofi. Mamba anajifunza kwamba sauti ya injini na kivuli cha binadamu ni mlo, na somo hilo halisahau wiki ijayo, mgeni akiwa amesharudi kwao na aliyebaki pale ukingoni ni mvuvi ndani ya mtumbwi wa mti mmoja.

Kwa watu wa kingo za Rufiji, za Rukwa, za Ziwa Victoria, kumtazama mamba si starehe. Mama mwenye ndoo kichwani hamtazami mamba, anayatazama maji. Anajua kwamba mamba husoma mazoea: ukichota pale pale, saa ile ile, siku baada ya siku, kuna mwingine anayehesabu siku hizo. Kwa hiyo wenye busara hubadili mahali, hubadili saa, huchota kwa kata yenye mpini mrefu, na katika mito kadhaa ya Afrika Mashariki na Kusini watu hujenga uzio wa miti ndani ya maji ili wachote na kuoga ndani yake. Msafiri aliyekaa saa nzima kwenye boti ameonjeshwa kidogo tu ya elimu ambayo mama huyo anayo tangu utotoni, naye hakulipia kiingilio.

Familia ikipoteza mtu, Tanzania ina kitu kinaitwa kifuta machozi, malipo ya serikali. Wanaoyapokea watakwambia kwamba machozi yanachukua muda mrefu kufutwa na hela ni ndogo. Kenya, kwa sheria yake ya wanyamapori ya mwaka 2013, iliweka shilingi za Kenya milioni 5 kwa kifo, na hapo nako foleni ya madai imekuwa ndefu. Sisemi haya ili mtalii aone haya kufurahia. Nasema kwamba pesa ya boti na pesa ya kifuta machozi zinatoka kwa mnyama mmoja, na kwangu mimi si haki ya kwanza ikaja haraka na ya pili ikachelewa.

Kabla sijaishiwa muda, kuna mahali pengine pa kumwona mamba asiyefanya kitu, na sijui kama kuna pa kushinda pale. Ni Katavi, magharibi mwa Tanzania, mwishoni mwa kiangazi, Septemba na Oktoba. Mto Katuma unakauka mpaka unabaki madimbwi ya tope, viboko kwa mamia wanabanana humo wakigombana usiku na mchana. Na mamba? Wanaingia mapangoni. Kwenye kuta za udongo za kingo za mto kuna mashimo, na ndani yake mamba hulundikana, mmoja juu ya mwingine, mkia wa huyu shingoni mwa yule, wamepaka vumbi mwili mzima, wanangoja mvua. Hawawindi. Hawapigani sana. Mnyama tunayemwogopa kuliko wote wa majini ameishiwa na maji na hana la kufanya ila kupumua kidogo kidogo mpaka Novemba. Nimewahi kusikia mgeni akimwuliza mwongozaji wake, "Sasa hapa tunasubiri nini?" Mwongozaji akamjibu kwa upole, "Hatusubiri kitu, bwana. Wanaosubiri ni wao."

Haya, mambo ya safari, maana najua simu zitaanza kulia. Rufiji nenda kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba. Mvua za masika barabara huwa mbaya na kambi nyingi hufungwa Aprili na Mei. Kwa gari kutoka Dar es Salaam unapita Kibiti hadi Mloka, kisha lango la Mtemere. Kwa treni ya TAZARA unashuka Kisaki. Ukikodi boti omba ya asubuhi, mamba wanapotoka kuota jua, na mwambie nahodha kabla hamjaondoka kwamba mnataka azime injini na asisogee mchangani. Wengi watafurahi, wanaokoa mafuta. Chukua kofia, maji ya kunywa, na darubini hata ya kuazima. Mikono ndani ya boti wakati wote, hata kama maji yanaonekana matulivu. Hasa yakiwa matulivu. Na kama una watoto, wapitishe msalani kabla ya kupanda, kwa sababu boti haina choo, na nahodha mwenye akili timamu hatawashusha ukingoni.